Minandi wawili wa Scotland, na yupi kati yao ni wa kwenu Ukerewe

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, kwa sasa nasoma Dundee, Scotland. Kila asubuhi nikipita kando ya Mto Tay naona ndege weusi wamesimama juu ya nguzo, mbawa wamezitandaza, nami najisemea hawa ni minandi wa kwetu Ziwa Victoria. Mwezi wa tano tulipanda boti kutoka Anstruther kwenda Isle of May. Huko nikaona ndege kama wale wale, ila wana kishungi kichwani na macho ya kijani. Mwenzangu akasema huyo ni ndege mwingine kabisa. Mimi naona ni yule yule, kavaa nguo za sikukuu. Nani kati yetu amepatia? Nitawatofautishaje wakiwa mbali? Na kwa nini wale wa kisiwani siwaoni hata siku moja mtoni?

JIBU: Marahaba. Mwenzako amepatia, wale wa Isle of May ni spishi nyingine. Lakini nawe hukukosea kuwaita wale wa Mto Tay minandi wa kwenu. Ndege anayeanika mbawa zake juu ya nguzo pale Dundee na yule anayeanika zake juu ya mawe ya Ukerewe ni spishi moja, Phalacrocorax carbo. Undugu wao ni wa karibu kuliko undugu wa huyo wa Dundee na jirani yake wa Isle of May, ambaye wametengana kwa kilomita 40 hivi tu.

Tukubaliane majina kwanza. Wa Dundee ni mnandi mkubwa. Wa kisiwani hana jina la Kiswahili lililozoeleka, maana hafiki kwenye maji yetu: makazi yake ni pwani za Ulaya, sehemu ya Afrika ya Kaskazini na kusini-magharibi mwa Asia, basi. Waingereza humwita shag, neno lao la kale la kishungi, kwa hiyo hapa nitamwita mnandi kishungi. Jina lake la kisayansi ni Gulosus aristotelis.

Najua utauliza: mbona mnandi wa ziwani ana kifua cheupe na huyu wa Dundee ni mweusi mpaka tumboni? Mnandi mkubwa ameenea sana duniani. Anazaliana Ulaya, Asia, Afrika, Australia na upande wa Atlantiki wa Amerika ya Kaskazini, na kila pande ana sura yake kidogo. Wa Afrika kusini mwa Sahara ndiye mwenye shingo na kifua cheupe, na wengi wanamhesabu kuwa nususpishi, yaani tawi ndani ya spishi ile ile, lucidus. Wapo wataalamu wanaomtenga kama spishi kamili, mnandi kifua-cheupe. Mimi niko upande wa wanaowaweka pamoja: umbo ni lile lile, mwenendo ni ule ule, na rangi ya kifua peke yake ni ushahidi mwembamba. Usimchanganye tu na yule mdogo wa ziwani mwenye macho mekundu, mnandi mkia-mrefu, ambaye ni wa jenasi nyingine.

Historia ya majina yao inaonyesha jinsi macho yanavyoweza kutudanganya. Linnaeus, Mswidi aliyeweka msingi wa majina ya kisayansi, alimwandika mnandi mkubwa mwaka 1758 na mnandi kishungi mwaka 1761, na wote wawili aliwatia katika jenasi moja na mwari. Mmoja akampa jina carbo, yaani makaa, na mwingine akamwita kwa jina la Aristotle. Baadaye minandi walitolewa kwa mwari, lakini hawa wawili waliendelea kukaa nyumba moja kwa muda mrefu, kwa sababu ukiwatazama wanafanana kama shilingi kwa ya pili. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 ndio uliotikisa mpangilio huo, na siku hizi mnandi kishungi anakaa peke yake katika jenasi Gulosus. Neno hilo la Kilatini maana yake ni mlafi. Sioni kama anastahili tusi hilo, na huko mbele utaona kwamba shida yake kubwa ni njaa.

Sasa tuje kwenye kuwatofautisha.

Karibu kila anayeanza hukimbilia kutafuta kishungi. Usikitegemee. Mnandi kishungi huota kishungi mwishoni mwa majira ya baridi, anapojiandaa kuzaliana, na makinda wakishaanza kukua kinapukutika. Ndege wachanga hawana kabisa. Ulikwenda mwezi wa tano, ukabahatika. Ungekwenda mwezi wa tisa usingekiona, na ungerudi Dundee ukiamini mwenzako anakuchezea. Macho ya kijani nayo hayakusaidii. Minandi wote wawili wakikomaa wana macho ya kijani, na hata wa ziwani anayo, ukipata nafasi ya kumkaribia. Ya kishungi yanakurukia zaidi kwa sababu uso unaoyazunguka ni mweusi.

Unachopaswa kutazama ni paji la uso na mdomo. Kichwa cha mnandi mkubwa ni kama kabari: mdomo mnene, kisha paji linalala kutoka mdomoni hadi utosini bila kona, na shingo ni nene. Mnandi kishungi ana kichwa kidogo cha mviringo, paji limesimama juu ya mdomo kama ukuta, na mdomo wenyewe ni mwembamba. Umbo hilo halibadiliki mwaka mzima, ndege awe kijana au mzee. Hata jua likiwa nyuma yake na rangi zote zimekufa, umemjua. Nikimfundisha mtu humwambia afunge daftari lake la rangi kwa wiki nzima, achore vichwa tu.

Baada ya hapo shuka usoni. Mnandi mkubwa ana ngozi tupu ya njano kwenye shina la mdomo, na nyuma yake kuna weupe unaozunguka mashavu na kidevu, kama mtu aliyefungwa kitambaa cheupe cha jino linalouma. Weupe huo unauona ng'ambo ya mto bila darubini. Mnandi kishungi njano yake ni kidogo tu, iko kwenye pembe ya mdomo, na sehemu nyingine ya uso ni giza.

Rangi ya mwili ni ya kutazama mwanga ukiwa mzuri. Kishungi aliyekomaa anang'aa kijani kibichi cha chupa, mwili mzima. Mkubwa ni mweusi wenye buluu, na mgongoni na mabawani manyoya yake yana rangi ya shaba iliyozungushiwa weusi, unyoya mmoja mmoja, kama magamba ya samaki. Msimu wa kuzaliana huvaa baka jeupe pajani, na akiruka linaonekana wazi.

Ukubwa? Mnandi mkubwa ana urefu wa sentimita 80 hadi 100, na kishungi 68 hadi 78. Mkubwa huwa na kilo 2 hadi 3 na zaidi kidogo. Kishungi hazidi sana kilo 2. Takwimu hizi zina maana wakisimama jiwe moja. Ndege akiwa peke yake juu ya mwamba huna cha kumlinganisha naye, na nimeona wazoefu wakikosea kwa kuamini ukubwa.

Vijana ndio wanaosumbua. Kijana wa mnandi mkubwa mara nyingi ana tumbo jeupe, na wewe ukimwona utadhani umerudi Ukerewe. Kijana wa kishungi, huko Scotland, ni wa kahawia kuanzia juu hadi chini, na weupe wake ni doa dogo kidevuni. Nasema huko Scotland kwa sababu wale wa Bahari ya Mediterania, ambao ni nususpishi nyingine, vijana wao wana matumbo meupe, na picha zao zikichanganywa kwenye simu watu huvurugikiwa. Ukishikwa na shaka, rudi kwenye paji na mdomo.

Kuna pia namna ya kwenda, na hii inafaa hata ndege akiwa mbali sana. Kishungi huruka chini chini, karibu agusane na mawimbi, mbawa zikipiga haraka, na hukwepa kupita juu ya nchi kavu. Mkubwa hupanda juu, hupiga mbawa polepole, huteleza kidogo, na wakiwa kundi hujipanga kama mabata bukini. Ukiona ndege mweusi wa namna hii akivuka juu ya paa za nyumba za Dundee, huhitaji hata kuinua darubini. Na wakati wa kuzama, kishungi hujirusha: mwili wote hutoka majini, hupinda kama upinde, kisha huingia kwa kichwa. Mkubwa naye anaweza kuruka kidogo, lakini mara nyingi huteleza tu akapotea, na akiibuka huelea amezama nusu, mdomo ameuelekeza juu.

Chini ya maji wote wawili ni waogeleaji wa miguu. Vidole vyote vinne vimeunganishwa kwa utando, miguu miwili inasukuma kwa pamoja, na mbawa zimebanwa ubavuni. Tundu za pua zimeziba kwa nje, wanapumua kwa mdomo. Ncha ya mdomo ina ndoano, kwa hiyo samaki akishikwa haponyoki. Umewaona nyumbani wakifanya hivyo hivyo, sina haja ya kurefusha.

Kama utakutana na mzoga ufukweni, usiuguse kwa mkono. Kwa sababu ya homa ya ndege, ushauri wa Uingereza ni kuacha ndege waliokufa walipo. Lakini kama mkia umefunguka, piga picha uhesabu manyoya yake: mnandi mkubwa ana 14, kishungi ana 12.

Nimebakiza swali lako la tatu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Kwa nini kishungi haji mtoni?

Anza na zile mbawa zilizotandazwa. Watu wengi huambiwa kwamba minandi hawana mafuta ya manyoya, ndiyo maana wanalowa. Tezi ya mafuta wanayo. Kinacholowesha ni jinsi unyoya ulivyofumwa: sehemu ya nje imelegea na kupitisha maji, sehemu ya ndani imebanana na kushikilia hewa karibu na ngozi. Kulowa kunampa faida, maana ndege aliyejaa hewa kwenye manyoya huelea kama kizibo, na mwenye manyoya mazito kwa maji huzama kwa nguvu kidogo. Gharama yake ni baridi, na ulazima wa kurudi nchi kavu kujianika. Minandi hawawezi kulala baharini wiki nzima kama ndege wengine wa bahari. Kila siku lazima wapate mwamba. Hata hivyo ni wavumilivu wa ajabu: mnandi mkubwa hukaa Greenland majira ya baridi, akizama kwenye maji yanayokaribia nyuzi sifuri, na anachofanya ni kuvua upesi na kutoka.

Hapo njia zao zinaachana. Mnandi mkubwa hana kiburi cha maji. Bahari, mlango wa mto, bwawa, ziwa, popote penye samaki na pa kusimama. Hula gayogayo wa kwenye tope la Mto Tay, mikunga, trauti, samaki wa bwawani. Hujenga kiota juu ya genge la bahari, na pia juu ya mti. Huko Essex, kwenye bwawa la Abberton, walianza kuzaliana mitini mwaka 1981, na tangu hapo makundi ya namna hiyo yameenea Uingereza bara. Bahari ikichafuka, anaingia ndani kama mvuvi anayesogeza ngalawa yake kwenye hori.

Kishungi hana hori. Kiota chake, cha mwani na vijiti, kiko kwenye kingo za magenge. Chakula chake kiko chini ya bahari safi, mara nyingi karibu kabisa na sakafu, na anaweza kuzama zaidi ya mita 30 kukifuata. Samaki wake mkuu pale Isle of May ni mmoja mwembamba anayejifukia mchangani, mdogo, mfikirie kama dagaa mrefu. Katikati ya miaka ya 1980 makinda wa kisiwa hicho walilelewa kwa samaki huyo karibu peke yake. Miongo mitatu baadaye sehemu yake katika chakula ilikuwa imeshuka sana, na wazazi wanaleta mchanganyiko wa samaki wengine. Machi 2024 Serikali ya Scotland ilifunga uvuvi wa samaki hao wa mchangani katika maji yake yote, kwa ajili ya ndege hawa na viumbe wengine wa bahari. Mimi nilifurahi sana siku hiyo.

Upepo wa mashariki ukivuma siku nyingi mfululizo juu ya pwani ya huko, mawimbi hupiga miamba anayojianikia, maji huvurugika asiweze kuona samaki, na mnandi kishungi, ambaye hana akiba kubwa ya mafuta mwilini, huanza kukonda. Mwanzoni mwa 1994, tena 2005, tena 2013, walikufa kwa wingi na miili yao ikatupwa ufukweni. Mto uko pale pale, saa moja kwa mbawa, na samaki wamo, na mnandi mkubwa anakula humo. Kishungi hajui kuishi humo. Mara chache sana dhoruba humsukuma mmoja mpaka kwenye bwawa la bara, na mara nyingi ni kijana aliyechoka.

Wasomaji wetu wa Oman na Ghuba wanaweza kuona tofauti kama hiyo kwao. Wakati wa baridi mnandi mkubwa hufika pwani zao na kuingia hata kwenye maji ya bara, wakati mnandi wa Sokotra, anayeruka kwa maelfu chini chini juu ya bahari, hutegemea bahari tu.

Tofauti hii ina uzito hata kisheria. Wavuvi wa mitoni Scotland wanalalamika kuhusu mnandi mkubwa maneno ambayo umeyasikia Ukerewe: anamaliza samaki wetu. Hula takriban nusu kilo kwa siku, na anayetaka kumpiga risasi kulinda samoni au trauti lazima apate kibali cha serikali. Mnandi kishungi hagombani na mtu wa mtoni, lakini mwaka 2015 aliwekwa kwenye orodha nyekundu ya ndege wa Uingereza kwa sababu ya kupungua. Mwenye bunduki kwenye mlango wa mto, jioni, ukungu umetanda, anapaswa kujua paji la uso la kila mmoja kabla ya kuinua mkono. Kuhusu ziwani kwetu, nimekaa na wavuvi wa kutosha kujua kwamba hasara ya nyavu zilizotoboka ni ya kweli, na hasira yao naielewa. Lakini ndege huyu alikuwa ziwani kabla ya makokoro.

Nina ombi moja. Minandi kishungi wengi wa Isle of May wamevishwa pete za rangi mguuni zenye herufi tatu, kwa ajili ya utafiti ambao umeendelea kisiwani hapo tangu miaka ya 1970. Kwa pete hizo imejulikana kwamba baadhi yao hubaki jirani na kisiwa mwaka mzima, na wengine huhamia pwani za mbali kila baridi na kurudi kuzaliana. Katika miaka ya kawaida wanaobaki hufanikiwa zaidi kulea makinda. Dhoruba kali zikija mambo yanaweza kugeuka. Haya yote yanategemea mtu aliyesimama ufukweni na darubini, akaandika herufi tatu. Kwa hiyo mwezi wa kumi na moja, usiishie mtoni. Panda basi mpaka St Andrews au Anstruther, nenda wakati maji yamekupwa na miamba iko wazi, uwatafute wenye paji lililosimama, kisha tazama miguu yao. Rangi ya pete, herufi zinavyosomeka kutoka chini kwenda juu, mguu wa kulia au wa kushoto, siku na mahali. Watafiti wa minandi wa Isle of May watakupokelea taarifa hiyo, na wewe utaambiwa ndege wako alizaliwa mwaka gani.